Kitenzi Kilichoanzia Shavuni

Mahujaji 29 walikutana jioni moja katika nyumba ya wageni iliyoitwa Tabard, mtaa wa Southwark, ng'ambo ya mto Thames kutoka London. Walikuwa njiani kwenda Canterbury, kuzuru mahali alipozikwa Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Mwenye nyumba, mtu mnene wa maneno na mcheshi, akawapa shauri la kufupisha njia: kila mmoja atasimulia hadithi mbili wakienda na mbili wakirudi, na atakayewashinda wenzake atalishwa chakula cha jioni kwa gharama ya wote. Hivyo ndivyo Geoffrey Chaucer alivyoanza kisa chake kikubwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 14, kisa ambacho hakuwahi kukimaliza. Alifariki mwaka 1400.

Kura ya kwanza ilimwangukia askari mpanda farasi, naye akasimulia kwa urefu na kwa heshima zote. Alipomaliza, mwenye nyumba alicheka kwa furaha, akasema kwamba mambo yanakwenda sawasawa: mfuko sasa umekwisha kufunguliwa. Aliwaona wasafiri wale kama watu waliobeba mifuko ya ngozi iliyofungwa kwa mikanda, na ndani yake zimo hadithi. Wa kwanza ameshafungua wake, wengine nao wafungue. Akamgeukia mtawa ili aendelee, lakini msaga nafaka mmoja, mlevi aliyekuwa akiyumba juu ya farasi, akaingilia kati kwa makelele na kuharibu mpango wote.

Kitenzi alichokitumia mwenye nyumba kwa huo mfuko Chaucer alikiandika "unbokelen". Leo Waingereza huandika "unbuckle". Anakitumia tena mwishoni kabisa, safari inapokaribia kufika na jua linazama, pale mwenye nyumba anapomwambia kasisi wa kijijini, aliye wa mwisho katika kundi, naye afungue mfuko wake awaonyeshe kilichomo. Kasisi akakataa hadithi za kubuni, akawapa mahubiri marefu. Kwa hiyo kitenzi hiki kimoja kimesimama mlangoni na kwenye kizingiti cha nyuma cha kitabu kikubwa kuliko vyote vya Kiingereza cha zama zile, na pande zote mbili kinahusu mfuko. Mfuko wenyewe Chaucer aliuita "male", neno lililotoka Ufaransa. Kwa kuwa barua zilibebwa katika mifuko ya namna hiyo, ndilo lililozaa neno la Kiingereza la barua na posta, "mail".

Ukifungua kamusi ya Kiingereza leo, "unbuckle" inafafanuliwa kwa mstari mmoja: kufungua kitu kilichofungwa kwa bizimu. Bizimu, neno ambalo sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako ni ibzimu, ni kile chuma cha mkanda chenye fremu na ulimi, ulimi unaoingia katika tundu la ngozi na kuishika isirudi nyuma. Wengi wetu tunalivaa kila siku tangu tukiwa shule ya msingi na hatujawahi kulitaja kwa jina. Tunasema chuma cha mkanda, tunaeleweka, maisha yanaendelea.

Mstari mmoja wa kamusi hautoshi kwa kitenzi hiki. Kimeungwa kwa vipande viwili vilivyotoka pande mbili za Ulaya, na kila kipande kilikuwa na karne nyingi za safari yake kabla hakijakutana na mwenzake. Nianze na kile cha nyuma, "buckle", kwa sababu hicho kinatupeleka mbali zaidi: mpaka Roma, mpaka kwenye shavu la askari.

Kilatini cha vitabu kilikuwa na neno la heshima la kinywa, "os", na neno la heshima la shavu, "gena". Mitaani kulikuwa na jingine, "bucca". Hilo lilikuwa shavu lililojaa: shavu la mtu anayekula tonge kubwa, au la mpiga tarumbeta anayepuliza mpaka uso unavimba. Lilikuwa neno la sokoni na kambini, lenye mzaha ndani yake. Lakini maneno ya sokoni yana maisha marefu. Dola ya Roma ilipovunjika na Kilatini kikageuka kuwa lugha nyingine, "os" lilipotea vinywani mwa watu na "bucca" likabaki, na kutoka shavuni maana yake ikahamia mdomoni. Mfaransa akiita mdomo "bouche", Mhispania na Mreno wakisema "boca", na Mtaliano "bocca", wote wanalitaja shavu lililovimba la mlaji wa Kirumi.

Neno hilo lilikuwa na umbo la udogo pia, kama sisi tunavyotoka kwenye mto tukapata kijito. Kishavu kilikuwa "buccula". Na kishavu kilichotajwa sana hakikuwa cha mtoto bali cha chuma. Kofia ya vita ya askari wa Kirumi ilikuwa na vipande viwili vya bati la shaba au chuma, kimoja kila upande, vilivyoning'inia kwa bawaba na kufunika taya. Askari alivishusha, akavifunga kwa kamba za ngozi chini ya kidevu, na hapo kofia ikakaa imara hata akikimbia. Masikio yaliachwa wazi asikie amri, macho na mdomo vikawa wazi pia, lakini shavu lilikingwa. Juvenal, mshairi wa kejeli aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2, aliwadhihaki watu wanaohangaikia utukufu wa vita, akaorodhesha nyara zinazotundikwa juu ya kisiki baada ya ushindi. Mojawapo ni kishavu kinachoning'inia kwenye kofia iliyovunjika. Kwa macho yake, jasho lote lile na damu yote ile mwisho wake ni bati la taya lililobaki bila taya.

Kutoka hapo maana ilianza kutembea. Kishavu cha chuma kilikuwa na uvimbe, na kilikuwa na kazi ya kufunga. Sifa hizo mbili zilivuta kila moja upande wake.

Uvimbe ulikwenda kwenye ngao. Katikati ya ngao za zamani palikuwa na kitovu cha chuma kilichobinuka nje, na nyuma ya kitovu hicho ndipo palipokuwa na mkono wa mpiganaji. Wasemaji wa Kilatini cha mwisho walikiona kile kitovu kinafanana na shavu lililojaa upepo, wakakipa jina la kishavu. Wafaransa wa kale wakalirithi, na katika utenzi wao wa Roland, uliotungwa karibu na mwaka 1100, "bucle" ni kitovu cha ngao kinachopigwa na kupasuliwa kwa mkuki. Ngao yenye kitovu ikaitwa ngao ya kishavu. Baadaye neno ngao likaangushwa, kikabaki kishavu peke yake, na hadi leo Mfaransa akisema "bouclier" anamaanisha ngao nzima. Waingereza wakaipokea kama "buckler", ngao ndogo ya mviringo ya kushika kwa ngumi. Wahuni wa London wa karne ya 16 walikuwa na tabia ya kupita barabarani wakizigonga ngao hizo kwa panga ili watu wajue wanapita wanaume. Wakaitwa "swashbucklers", wagonga ngao. Wasomaji wengi wa Kiingereza hudhani jina hilo lina uhusiano na mabizimu makubwa ya mikanda wanayovaa maharamia wa sinema. Halina. Ni kelele tu za chuma.

Ile kazi ya kufunga nayo ilikwenda kwenye mkanda. Kilichoshikilia kofia kidevuni, kilichoshikilia ngozi juu ya ngozi, pete ya chuma yenye uvimbe, vyote vikaingia katika neno moja la Kifaransa, "boucle". Wafaransa hawakuishia hapo. Kwa kuwa bizimu ni pete, kila kilichojiviringa kikawa "boucle": hereni ya sikio, msokoto wa nywele, kitanzi cha kamba. Yule msichana wa hadithi ya dubu watatu anayejulikana kwa nywele zake za dhahabu, kwa Kifaransa jina lake ni Boucle d'or. Kutoka shavu la askari mpaka nywele za mtoto.

Uingereza, wakati huo, ilikuwa na mabizimu bila neno hilo. Mwaka 1939, huko Sutton Hoo katika jimbo la Suffolk, wachimbaji walifukua kaburi la mkuu mmoja aliyezikwa ndani ya jahazi mwanzoni mwa karne ya 7. Kati ya vitu vilivyotolewa mchangani ni bizimu la mshipi la dhahabu, zito zaidi ya gramu 400, lililonakshiwa nyoka na wanyama waliosokotana mpaka jicho linashindwa kujua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Liko British Museum hadi leo. Aliyelivaa hakuwahi kulisikia neno "buckle". Watu wake walikuwa na majina yao ya Kiingereza cha kale ya pete za mshipi na vibanio vya nguo, majina ambayo yamekufa pamoja nao.

Yaliuawa na mwaka 1066. William wa Normandy alipovuka bahari na kuitwaa Uingereza, waliokuja naye walikuwa wanasema Kifaransa, na kwa karne mbili zilizofuata Kifaransa ndicho kilichovaa vizuri. Maneno ya mavazi, ya silaha, ya mahakama na ya jikoni kwa bwana yakaingia kwa wingi. Kufikia mnamo mwaka 1300 "boucle" limekwisha kuandikwa katika Kiingereza kama neno la nyumbani. Kabla karne hiyo haijaisha, mwenye nyumba wa Tabard anaweza kulitia katika mzaha na kila msikilizaji akacheka.

Hata hivyo kuna jambo ambalo Waingereza hawakulichukua. Mfaransa alikuwa na kitenzi chake tayari cha kufungua bizimu, "déboucler", chenye kiambishi cha Kilatini mbele. Ingekuwa rahisi kukichukua kizima kizima. Hawakufanya hivyo. Walichukua jina la kitu, wakaliwekea mbele kipande chao wenyewe, kipande cha kale kuliko Wanormandi, na hicho ndicho kipande cha pili cha habari yetu: "un".

Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo penye utamu wote. Anayejifunza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "un" mbele ya neno ni kukanusha. "Happy" ni mwenye furaha, "unhappy" asiye na furaha. Basi mwanafunzi mwerevu anahitimisha kwamba "unbuckle" ni kutofunga bizimu. Sivyo. Asiyefunga mkanda hajafanya kitu, amekaa tu. Anayefungua mkanda amefanya kazi ya mikono, na hawezi kuifanya mpaka awepo mtu aliyeufunga kabla yake.

Siri ni kwamba Kiingereza kina "un" mbili ambazo si ndugu. Ya kwanza, ya kukanusha, ina undugu na "in" ya Kilatini na "a" ya Kigiriki, na kazi yake kubwa ni kwenye sifa. Ya pili ilikuwa zamani na umbo jingine, "and" au "ond", na maana yake ilikuwa kuelekea upande wa pili, kukabili, kurudisha. Jamaa zake wako wazi kwa lugha za jirani: Mjerumani ana "ent", Mholanzi ana "ont", na Mgiriki ana "anti", ile ile iliyoko katika majina ya dawa na ya vyama vya kupinga hiki na kile. Hata neno la Kiingereza la jibu, "answer", limebeba kipande hicho mbele yake, kwa sababu zamani lilikuwa "andswaru", kiapo cha kumkabili aliyekushtaki. Kwenye vitenzi sauti yake ilififia, "ond" ikawa "on", "on" ikawa "un", na siku moja ikajikuta imevaa nguo sawasawa na ile ya kukanusha. Tangu hapo zinafanana kama pacha, na wenyewe wenye lugha huzichanganya.

Waingereza wa kabla ya Wanormandi walikuwa navyo vitenzi vya namna hii vingi: kufungua kamba, kufungua kufuli, kufungua boma. Hicho cha mwisho kinanipendeza. "Tynan" kilikuwa ni kuzungushia ua, na "untynan" kuufungua ule ua. "Tun" lilikuwa eneo lililozungushiwa, nalo ndilo lililokuja kuwa "town", mji. "Untynan" kimekwisha kusahauliwa, mji umebaki.

Mchanganyiko wa hizo "un" mbili umewaachia Waingereza mtego ambao walimu wa isimu wanaupenda mno. Chukua neno "unlockable". Mlango wa namna hiyo ni upi? Unaweza kuwa mlango usiofungika kwa kufuli, mbovu, wa kutupa. Unaweza pia kuwa mlango mzuri kabisa ambao kufuli lake linafunguka. Maana mbili zinazopingana katika neno moja, na hakuna anayeweza kuamua mpaka aufikie mlango wenyewe. Mkanda nao ukiambiwa uko "unbuckled", huwezi kujua kama kuna aliyeufungua au kama haukufungwa tangu mwanzo, na mahakamani, baada ya ajali, tofauti hiyo si ndogo.

Msemaji wa Kiswahili hapati tabu hii hata kwa bahati mbaya. Usiofungika ni usiofungika, unaofunguka ni unaofunguka. Haukufungwa ni kitu kimoja, umefunguliwa ni kingine. Ukanushi wetu unakaa mbele ya kitenzi, na kurudisha nyuma kwetu kunakaa mwishoni, kila kimoja na chumba chake, havijawahi kukutana ukumbini. Wanasarufi wanaita umbo hilo la mwisho kauli ya kutendua, na jina lenyewe ni mfano wa kitu linachokitaja: tenda, kisha tendua.

Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Bandika, bandua. Vaa, vua. Komea mlango, komoa mlango, ingawa vijana wa leo wakisikia komoa hufikiria kumtia mtu adabu tu, na komeo zenyewe zimebaki kwenye nyumba za zamani. Aliyenunisha uso amekunja uso, akifurahi ameukunjua, na mtu wa moyo mkunjufu ni mtu ambaye moyo wake hauna mikunjo. Anayetega kitendawili anatega kama wawindaji wategavyo, na anayekitegua ameuondoa mtego kabla haujamnasa. Na kumuumbua mtu, nikifikiri vizuri, ni neno la kutisha: aliyeumbwa anaondolewa umbo lake mbele za watu.

Hiyo u ya mwishoni nayo ina historia ndefu kama ya "un", pengine ndefu kuliko. Si mali ya Kiswahili peke yake. Mkikuyu akifunga anasema hinga, akifungua hingura. Mnyarwanda anakinga mlango, kisha anakingura. Kwa Kilingala kufunga kamba ni kanga, kuifungua ni kangola. Wote hao wana sauti ya r au ya l baada ya irabu ile, na wataalamu wa lugha za Kibantu wanakubali kwamba sauti hiyo ilikuwapo tangu lugha mama. Pwani tuliiangusha. Lakini haikufa: ilijificha. Kirefushe tu kitenzi fungua, utaiona inatoka: fungulia, funguliwa, kifunguliwe. Hakuna aliyeichomeka hapo. Ni ile ya kale inayorudi kila inapopata nafasi.

Kwa hiyo pale Chaucer alipomtia mwenye nyumba maneno ya mfuko mdomoni, alikuwa anafanya kwa kiambishi cha mbele kile ambacho bibi na babu zetu walikuwa wakikifanya kwa kiambishi cha nyuma. Sidai udugu wowote kati ya lugha hizi, haupo. Nasema tu kwamba watu wa pande zote mbili waligundua kuwa kufungua si kutofunga, na wakaona jambo hilo linastahili sauti yake.

Miaka 200 baada ya Chaucer kitenzi chetu kilipanda jukwaani. Shakespeare aliandika tamthilia ya Antony na Cleopatra mnamo mwaka 1606 au 1607, ingawa haikuchapwa mpaka mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Katika tendo la nne kuna asubuhi moja huko Alexandria, kabla ya pigano. Antony anavaa silaha zake na malkia anataka kumsaidia, mikono yake haijui kipande gani kinakwenda wapi, wanacheka. Anamaliza kufunga mkanda mmoja na kumuuliza kama amefunga vizuri. Vizuri sana, anajibu jemadari, na yeyote atakayethubutu kuufungua kabla mwenyewe hajataka kupumzika atakiona cha moto. Kitenzi alichotumia ni "unbuckle".

Yule ni Mrumi, anazungumza Kiingereza cha London, na neno alilopewa kujivunia nalo ni kishavu cha kofia za askari wake mwenyewe, lililokwenda Ufaransa likarudi likiwa limebadilika sura. Sidhani Shakespeare alilijua hilo. Alichokijua ni namna ya kuupanga msiba: siku nyingi hazijapita, ameshindwa vita, Antony ameambiwa kwamba Cleopatra amekufa, na hakuna adui anayekuja kumfungua mikanda. Anamwambia mtumishi wake Eros amvue, kazi ya mchana imekwisha. Kwa hapo mwandishi alichagua kitenzi kingine, lakini kiambishi ni kilekile.

Mfalme Lear, wa miaka hiyohiyo, anakata roho akiomba mtu amfungulie kifungo cha nguo. Hicho ni kifungo, si bizimu, na neno la Kiingereza la kifungo lina asili yake nyingine kabisa, kwa hiyo nakipita.

Baada ya hapo mikanda ya silaha ilianza kupungua na bizimu likashuka miguuni. Samuel Pepys, karani wa London aliyeacha shajara maarufu, aliandika Januari 1660 kwamba siku hiyo ameanza kutia mabizimu kwenye viatu vyake, na alilitaja kama jambo jipya. Kwa miaka zaidi ya 100 iliyofuata hakukuwa na bwana wala bibi wa heshima aliyetoka bila mabizimu ya viatu, ya shaba kwa wengi, ya fedha kwa wachache, yenye vito kwa wachache zaidi. Yaliuzwa peke yake na kuhamishwa kutoka kiatu hadi kiatu. Miji ya Birmingham, Walsall na Wolverhampton ililisha maelfu ya familia kwa kazi hiyo. Kisha mambo mawili yakaja pamoja. Ufaransa ikapindua utawala wake, na mwaka 1789 wajumbe wa Bunge la Taifa wakavua mabizimu yao ya fedha na kuyatoa kwa hazina ya nchi, na tangu siku zile bizimu linalong'aa likawa alama ya mtu asiyewajali wenzake. Uingereza nako vijana wa mtindo wakaanza kufunga viatu kwa kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1790 mafundi wa bizimu walipeleka ombi kwa mwana wa mfalme, mrithi wa kiti, awaokoe. Akawahurumia, akawaamuru watu wa nyumba yake wavae mabizimu. Haikusaidia kitu. Kamba ilikuwa rahisi, na mtu yeyote aliweza kuinunua.

Mwaka 1959 mhandisi wa Sweden aitwaye Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka, aliikamilishia kampuni ya Volvo mkanda wa gari unaoshika bega na nyonga kwa pamoja na kufungwa mahali pamoja. Leo Mwingereza akimwambia mwanawe afanye kile kitenzi, mara nyingi anamaanisha mkanda huo. Hakuna tundu la ngozi tena, unabonyeza kwa dole gumba. Kipande cha bati kinachoingia bado kinaitwa ulimi.

Rubani wa Kiswahili akifika salama huwaambia abiria wafungue mikanda. Hana kitenzi maalumu cha bizimu na hakihitaji. Mfasiri anayejitesa kuandika "kufungua bizimu la mkanda" kila akutanapo na neno hili la Kiingereza anaandika kama kamusi, hasemi kama mtu. Fungua inatosha, kwa sababu imezoea kazi kubwa kuliko mikanda. Tunafungua duka, tunafungua kesi, tunafungua mkutano, tunafungua kinywa asubuhi, na jua likizama katika mwezi wa Ramadhani anayefunga anafungua. Pwani waliichukulia kazi hiyo kwa uzito kiasi cha kuhesabia mwaka. Mwezi unaofuata Ramadhani, ambao Waarabu huuita Shawwal, kwa Waswahili ni Mfunguo Mosi. Unafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu wa mahujaji wa Makka. Maulidi husomwa Mfunguo Sita. Hesabu inakwenda mpaka Mfunguo Kenda, inasimama hapo, zinapita Rajabu na Shaabani, halafu mwezi unaandama na watu wanafunga tena.